Kaunta ya Miwani

Kwanza napima, mboni hadi mboni.
Sitini na tatu. Sitini na moja na nusu.
Rula juu ya pua ya mtu nisiyemjua,
nasema, tazama jicho langu la kushoto,
naye anatazama.
Sijui kazi nyingine impayo mtu ruhusa
ya kusogea hivi, hadi kujua
nani kala kitunguu, nani katoka kulia ndani ya gari.

Tuko nyuma ya matairi, mkono wa kulia wa kuku wa kuchoma.
Duka ni la eka tatu. Lina jibini kwa ndoo,
soksi kwa dazeni, jeneza kwa kuagiza.
Miwani yetu hutoka ikinuka mpira.
Nje ni Januari ya Wisconsin, na wateja huingia
lenzi zimepigwa na ukungu mweupe,
wakasimama mlangoni vipofu kwa dakika nzima,
kisha dunia ikawarudia, kumbe ni bei tu.

Jumatatu huja barua ya Bryce, meneja wa kanda.
Jozi ya pili: lengo, asilimia kumi na nane.
Lorna: kumi na moja.
Kana kwamba watu waliumbwa na macho manne.
Shuleni mimi ndiye niliyeitwa Macho Manne.
Leo nalipwa kwa jina hilo, kwa saa,
bila bima ya meno.

Halafu Alhamisi, saa tano asubuhi,
Verlyn Torgerson.
Inateleza, asema, akiilaza kwenye trei ya kijani.
Alikuwa na ng'ombe sitini na wanne
hadi machipuko yaliyopita;
lori liliwachukua kwa safari mbili.

Naichunguza. Mkono wa kulia umepinda,
na si kwa kuanguka:
kwenye lenzi kuna alama ya gumba, pana kama sarafu.
Wiki ya tatu nilimwona kupitia kioo cha mlango,
ndani ya pikapu, injini ikinguruma,
anaipinda taratibu
kama mtu amegaye mkate asitake kumwaga makombo.

Sikusema. Macho hayana pazia;
mdomo unalo.

Naichovya kwenye bakuli la shanga moto,
naikunja, namvisha.
Vidole vyangu vinapita nyuma ya masikio yake,
pale ambapo baridi ya nje haijaondoka bado,
naye anafumba macho.
Sekunde nne.
Aliyeshika viumbe sitini na wanne alfajiri na magharibi,
sasa anayemgusa ni kinyozi na mimi,
na kinyozi amehamia Tampa.

Machi, Bryce akaja mwenyewe na tableti.
Nani huyu, ziara kumi na tisa, mauzo sifuri?
Marekebisho ni bure, nikasema, imeandikwa ukutani.
Imeandikwa, akasema. Basi nyoosha mara moja, iishe.
Ana sauti ya kusikika hadi kwenye matairi.
Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Wiki iliyofuata Verlyn alipita na toroli bila kusimama.
Miwani imekaa puani kama ilivyopaswa.
Nimefuata kuku tu, akasema. Ile imeshapona.

Nikamwambia, hebu nione.

Nikampa mgongo, nikawasha taa ya meza.
Miaka ishirini na miwili nimenyoosha.
Nikaweka gumba langu palipokuwa gumba lake,
nikasukuma
nyuzi mbili, labda na nusu.

Itateleza kidogo, nikasema. Plastiki za siku hizi.
Ukiona inazidi,
Nitaona, akasema.

Akaenda zake, kichwa kimelala upande mmoja,
akisukuma toroli tupu,
akampita kuku.